'Debit' si deni, 'credit' si mkopo: Hatari ya kufasiri daftari la hesabu neno kwa neno

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imekaa vyema vinywani mwa watu wa pwani, ambao kwa karne nyingi wamefanya biashara ya mali kauli, wakatumiana hawala na kuwekeana rahani. Leo daftari lenyewe limehamia kwenye tarakilishi, lakini onyo la wahenga liko palepale. Tena limeongezeka jingine: daftari lenye maneno yasiyoeleweka nalo hupoteza mali, ingawa kila kitu kimeandikwa.

Miongoni mwa programu huria za hesabu za nyumbani, GnuCash ni mojawapo ya zile kongwe na zenye jina. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 1998. Hufanya kazi katika Linux, Windows na macOS, na mtu yeyote ana ruhusa ya kuifungua ndani, kuibadilisha na kumgawia mwenzake. Ziko nyingine pia, kama vile KMyMoney na HomeBank. Mwalimu wa Kisauni, dereva wa tuktuk kule Likoni au mweka hazina wa chama cha akina mama wa Changamwe anaweza kuipakua bila kutoa hata ndururu. Hayo ni mambo ya kushukuru.

Lakini kuipakua ni kitu kimoja na kuitumia ni kingine. Wengi huifungua, wakaitazama kwa siku mbili tatu, kisha wakarudi kwenye kijitabu cha kurasa 96. Ukiwauliza, watakwambia programu ni ngumu, ati inataka mhasibu. Mimi nasema sivyo. Kinachowashinda ni maneno. Na wanaodhani dawa ni kuketi na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili na kufasiri nomino moja baada ya nyingine wataongeza ugonjwa. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili tayari kina sarufi ya uhasibu, ila imo katika vitenzi vyake, na huko ndiko tunakosahau kutazama.

Tuanze na kanuni yenyewe. GnuCash hufuata uhasibu wa pande mbili, ule ambao Luca Pacioli aliueleza katika kitabu kilichopigwa chapa mjini Venice mwaka 1494, ingawa wafanyabiashara wa Italia walikuwa wakiutumia kabla yake. Kanuni yake ni nyepesi: ndani ya daftari, pesa hazizuki wala hazipotei. Kila zinapotoka mahali, zimeingia mahali pengine. Ukipanda tuktuk kwa shilingi 50, mfuko umetoa 50 na nauli imepokea 50. Muamala ni mmoja, maandishi ni mawili, na jumla ya pande zote mbili lazima ilingane. Nani asiyeelewa hapo?

Sasa mletee mtu huyohuyo neno la kwanza analokutana nalo kwenye programu: 'account'. Tukilifanya 'akaunti', kama tulivyozoea, Mkenya atawaza benki. Programu ikimtaka afungue akaunti ya chakula na akaunti ya nauli atashangaa. We, akaunti ya nauli nikaifungue benki gani? Basi hufungua moja tu, ile ya benki yake, na kila akitumia pesa anaandika upande mmoja na kuuacha wa pili wazi. Programu haikubali muamala wa mguu mmoja. Kimyakimya huutafutia mguu wa pili kwa kubuni mahali papya na kupaita 'Imbalance-KES'. Baada ya mwezi mmoja, matumizi yote ya nyumba yamerundikana humo, na mtu anasema mashine imeharibika.

Mashine haikuharibika. Neno 'akaunti' ndilo lililompoteza. 'Hesabu' lingefaa, maana ndilo neno la asili la biashara, lakini limebeba mizigo mingi: ni somo la shuleni, ni kitendo cha kuhesabu, na kwa dereva ni pesa za siku anazompelekea mwenye gari. Ninaloliona bora ni 'fungu'. Nenda soko la Kongowea uone nyanya na vitunguu vilivyopangwa mafungu. Soma bajeti ya serikali ya Tanzania uone kila wizara na Fungu lake. Neno moja limekubalika genge na hazina. Fungu la nauli, fungu la karo, fungu la M-Pesa, fungu la benki: hakuna atakayeuliza linafunguliwa wapi. Na lile 'Imbalance' tuliite 'Pengo'. Mtu akiona Pengo-KES lina shilingi 3,400 atajua mara moja kwamba kuna pesa hazijaelezwa zilikokwenda. Tiba yake ni kulifungua, kupitia muamala mmoja mmoja na kuupa kila mmoja fungu lake. Pengo likibaki sufuri, daftari lina afya.

Kuna neno jingine linalochekesha kwetu kuliko kwingineko. Programu huanza na mafungu makuu matano: mali, madeni, mapato, matumizi, na la tano huitwa 'Equity'. Kwa Mkenya, Equity ni benki. Mteja wa benki nyingine atajiuliza fungu hili limeingiaje katika daftari lake. Mfasiri naye akishika kamusi atapata 'usawa' au 'haki', maana hizo ndizo maana za neno hilo katika sheria na siasa. Fungu liitwalo 'Usawa' katikati ya pesa za nyumbani halina maana yoyote. 'Mtaji' lingefaa dukani, lakini familia inayokaa kwenye nyumba yake Mtongwe haiiti nyumba hiyo mtaji.

Tazama jambo hili lilivyo wazi katika mirathi. Mali ya marehemu haigawanywi mpaka gharama za mazishi zitolewe, madeni yalipwe na wasia utekelezwe. Kinachosalia ndicho warithi wanachogawana. Kwa aliye hai nako, kilicho chake ni mali aliyo nayo ukiondoa anachodaiwa. Ningeliita fungu hili 'Milki halisi'. Ndani yake ndimo inamokaa baki ya kuanzia, yaani zile pesa ulizokuwa nazo siku ulipofungua daftari. Asiyeandika baki hiyo ataona benki yake ikisoma chini ya sufuri wiki ya kwanza, kisha ailaumu programu.

Fungu la pili, 'Madeni', linaonekana halina tatizo. Lina tatizo kubwa. Mwenye duka akisema 'nataka deni langu', anazungumzia pesa anazodai. Mteja akisema 'deni langu nitalilipa mwisho wa mwezi', anazungumzia pesa anazodaiwa. Maneno ni yaleyale, 'deni langu', na pesa zinakwenda pande mbili tofauti. 'Mkopo wangu' nao ni vivyo hivyo: ni niliochukua au niliotoa? Katika mazungumzo muktadha hutuokoa. Katika daftari hakuna muktadha, kuna kichwa cha safu na tarakimu. Mweka hazina akiandika 'Madeni' juu ya orodha na mwenzake aichukue mwaka unaofuata, chama kinaweza kumdai mtu ambaye anakidai au kumlipa mtu ambaye kingepaswa kumdai. Vyama vimevunjika kwa mambo madogo kuliko hayo.

Hapa ndipo vitenzi vinapotuokoa. Kiswahili kina 'kudai' na 'kudaiwa'. Badala ya 'Madeni', andika 'Ninadaiwa' kwenye fungu moja na 'Ninadai' kwenye fungu jingine. Hakuna tena wa kukosea. Lugha ya zamani ilikuwa na jozi nyingine, 'wia' na 'wiwa', na nomino zake 'mwia' na 'mwiwa', ambazo kamusi bado zinazihifadhi. Mzizi ni mmoja, pande ni mbili, na kinachozitenganisha ni kauli ya kitenzi tu. Hata aya ya 282 ya Surat al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, inapoagiza deni la muda liandikwe, haitoshelezwi na kuwapo kwa mwandishi na mashahidi. Inaeleza pia ni upande gani utoe imla: ule wa anayedaiwa. Kujua nani yuko upande gani ndio moyo wa uandishi wa deni.

Jozi za namna hii zimejaa tele. Tuna 'kopa' na 'kopesha', 'panga' na 'pangisha', 'kodi' na 'kodisha'. Kiingereza hutumia neno moja, 'rent', kwa anayelipa nyumba na kwa anayelipwa. Kiswahili kimewatenga kwa silabi moja. Sasa mfasiri anayekimbilia nomino atafanya nini? Ataandika 'Kodi' kwenye 'rent', kisha akifika kwenye 'taxes' ataandika 'Kodi' tena. Matokeo yake ni mafungu mawili yenye jina moja, moja la mwenye nyumba na jingine la serikali, na mtumiaji akiweka pesa za mwenye nyumba wa Bombolulu katika fungu la serikali si kosa lake. Kwa nini tusiandike 'Kupanga nyumba' na 'Kodi ya serikali' tukamaliza?

Nimefika kwenye kiini. 'Debit' na 'credit' ndiyo maneno yanayowatisha watu kuliko yote. Mfasiri wa nomino atasema 'debit' ni deni na 'credit' ni mkopo, maana ndivyo anavyoyasikia benkini. Tuyapime kwa mfano. Chukua dada mmoja wa Shika Adabu anayeuza mahamri. Asubuhi amelipia unga wa shilingi 500 kwa M-Pesa akiwa hana baki, Fuliza ikamfidia. Kufikia saa nne ameuza mahamri ya shilingi 900 kwa pesa taslimu. Ada tuziache kando.

Kihasibu, upande wa 'credit' una maandishi matatu: Fuliza 500, M-Pesa 500 na mauzo 900. Upande wa 'debit' nao una matatu: M-Pesa 500, unga 500 na mfuko 900. Sasa weka vichwa vya mfasiri wetu. Chini ya 'Mkopo' tunasoma kwamba mauzo ya mahamri ni mkopo. Chini ya 'Deni' tunasoma kwamba shilingi 900 zilizo mkobani mwa dada huyu ni deni. Fuliza peke yake ndiyo mkopo wa kweli humo, na imefichwa katikati ya vitu visivyo mikopo. Huku si kukosea istilahi tu. Ni kumwambia mtu uongo kuhusu pesa zake mwenyewe, kwa lugha yake mwenyewe.

Watengenezaji wa GnuCash waliliona tatizo hili hata kwa Waingereza. Kwa hiyo programu, isipoamriwa vinginevyo, haionyeshi 'debit' na 'credit' kabisa. Hubadilisha vichwa vya safu kufuatana na aina ya fungu: benki ina maneno ya kuweka na kutoa, pesa taslimu zina ya kupokea na kutumia, mali nyingine ina ya kuongezeka na kupungua. Ni nia njema, lakini ina gharama. Safu ya kushoto, ambayo kimsingi ni kitu kimoja popote ilipo, inapata majina mengi. Katika fungu la mali kushoto ni kuongezeka. Katika fungu la deni kushoto ni kupungua. Mtu akishaanza kuelewa fungu moja, akihamia jingine anapotea upya.

Walimu wa biashara wana kanuni ya kale: anayepokea huandikwa upande wa 'debit', anayetoa huandikwa upande wa 'credit'. Kiswahili kinaweza kuisema kanuni hiyo kwa maneno mawili tu, na kwa mafungu yote: 'Limepokea' na 'Limetoa'. Kiambishi 'li' kinalirejelea fungu lenyewe, basi. Rudi kwa dada wa mahamri. Fuliza limetoa 500, M-Pesa limepokea 500. M-Pesa limetoa 500, unga limepokea 500. Mauzo limetoa 900, mfuko limepokea 900. Jioni akilipa Fuliza, M-Pesa limetoa na Fuliza limepokea. Jaribu kwa mshahara, karo, mchango wa harusi au pesa alizotuma kaka aliye Doha za kujengea nyumba. Jozi hii haichoki. Sarufi ya ngeli, ambayo wageni huilalamikia, ndiyo inayotufanyia kazi ambayo Kiingereza kimeshindwa kuifanya bila kubadilisha maneno kila ukurasa.

Ukishaelewa hivyo, hata vitendawili vya programu vinateguka. Malalamiko ya kawaida ni haya: mshahara wangu unaonyeshwa na alama ya kutoa, pesa zimeenda wapi jamani? Hazikwenda popote. Fungu la mshahara kazi yake ni kutoa, na fungu linalotoa bila kupokea lazima lisome chini ya sufuri. Programu huwa inaigeuza alama hiyo ili isitutishe, na mpangilio wa kuigeuza uko kwenye mapendeleo, ukurasa wa 'Accounts'. Aliyeuzima ataona mapato na madeni yote yakiwa hasi. Auwashe tena kwa kuchagua 'Credit accounts'. Ukurasa huohuo ndio wenye kisanduku cha kurudisha majina rasmi ya kihasibu, na ndio unaoamua sarafu.

Sarafu nayo ina mkasa wake. GnuCash huchukua sarafu ya kawaida kutoka kwenye mipangilio ya tarakilishi, na mashine nyingi tunazonunua zimepangwa kwa Kiingereza cha Marekani. Mtu wa Magongo anafungua mafungu yake yote bila kujua kwamba ni ya dola. Akija kuona pengo limeandikwa 'Imbalance-USD', tayari ana miamala mia mbili ndani. Chagua KES kabla ya kufungua fungu la kwanza. Ni kazi ya nusu dakika inayookoa wiki nzima ya kuandika upya.

Kisha kuna taarifa ya M-Pesa, ambayo ndiyo daftari la kweli la Mkenya tangu huduma hiyo ianze mwezi Machi 2007. Taarifa hiyo huja kwa PDF, na GnuCash haisomi PDF. Lazima kwanza igeuzwe kuwa jedwali la CSV. Wakati wa kuiingiza, mambo matatu yaangaliwe. Kwanza, mpangilio wa tarehe unaouchagua ufanane na ulio kwenye faili, la sivyo tarehe 3 Aprili itasomwa Machi 4. Pili, ada ya kutuma huwa na mstari wake peke yake, nambari ya risiti ikiwa ileile ya muamala. Usiufute ukidhani umerudiwa. Tatu, kama safu ya pesa zilizotoka tayari ina alama ya kutoa, usiiambie programu igeuze alama. Hasi ya hasi ni chanya, na nauli yako itageuka mapato.

Lakini mtego mkubwa kuliko yote mitatu ni wa lugha. Fuliza ilizinduliwa Januari 2019 kwa jina zuri la Kiswahili, kitenzi chenye maana ya kuendelea moja kwa moja bila kusita. Katika taarifa ya M-Pesa, hata hivyo, pesa za Fuliza huandikwa 'OverDraft of Credit Party', na hukaa kwenye safu ya pesa zilizoingia. Mtu asiyejua Kiingereza cha wahasibu ataona zimeingia, atazipeleka katika fungu la mapato, na mwisho wa mwezi daftari litamwambia kwamba amechuma vizuri. Kumbe amekopa vizuri. Anayejiuliza 'ni fungu gani limetoa?' hatakosea, kwa sababu jibu ni fungu la anayemdai.

Neno la mwisho katika orodha yangu ni 'reconcile', yaani kulinganisha daftari lako na taarifa ya benki, muamala kwa muamala, mpaka baki zifanane. Ukilifasiri neno kwa neno utapata 'kupatanisha', na msomaji atafikiri benki imegombana na mkewe. 'Kulinganisha' si baya. Ila ninalipenda zaidi 'kuhakiki', na si kwa sababu ndiyo kazi yangu darasani. Kabla halijawa neno la fasihi, kuhakiki kulikuwa kutafuta ukweli wa jambo, na hilo ndilo linalofanyika hapa. Programu huonyesha hatua hiyo kwa herufi 'n', 'c' na 'y', zilizotokana na Kiingereza. Kwa Kiswahili zingeweza kuwa maneno kamili: 'bado', 'imeonekana', 'imehakikiwa'.

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba taaluma ya uhasibu nchini inafunzwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na mtoto atakayezoea 'limepokea' na 'limetoa' atapata taabu mbele ya mtihani wa KASNEB. Sioni hivyo. Programu yenyewe ina kisanduku cha majina rasmi. Tuweke 'debiti' na 'krediti' nyuma ya kisanduku hicho kwa wanaoyahitaji, na maneno ya wazi mbele kwa wanaotaka kujua pesa zao zilipo. Tena atakayeingia darasani akijua nani anatoa na nani anapokea atawashinda waliokariri.

La pili lina uzito zaidi: nani ametupa mamlaka ya kuunda istilahi? Kila mtu akiunda zake, tutarudi kwenye 'tarakilishi', 'kompyuta' na 'ngamizi', maneno matatu ya chombo kimoja. Ni kweli. Lakini maneno niliyoyatetea hapa hayakuundwa. Fungu, pengo, kudai, kudaiwa, kutoa, kupokea: yote yapo, na mama muuza mbaazi anayatumia kila siku. Kazi ya BAKITA na vyama vya Kiswahili ni kukubaliana yatumike wapi, ili wa Jomvu na wa Dar es Salaam wasome daftari moja. Iko mifano ya kazi ya namna hii: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na ukaonyesha kwamba programu nzima ya ofisi inaweza kuzungumza Kiswahili.

Ubora wa programu huria uko hapo. Kwa programu ya kampuni tungeandika barua ya kuomba na kungoja. Kwa GnuCash, maneno ya tafsiri hukaa katika faili la kawaida la maandishi: mstari mmoja una neno la Kiingereza, unaofuata umeachwa kwa lugha yako. Hakuna haja ya kujua kuandika programu. Mfumo huo unaruhusu hata neno moja la Kiingereza lipewe tafsiri tofauti kufuatana na mahali lilipo, kwa hiyo kisingizio cha 'Kodi' mara mbili hakipo. Mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili na mwenzake wa uhasibu wanaweza kuifanya kazi hii wakiwa wameketi pamoja.

Nina ombi moja kwa watakaoifanya. Kabla ya kuliweka neno lolote kwenye faili, vukeni feri mkamsomee muuzaji mmoja wa Likoni, kisha mmuulize: hapa pesa zimetoka wapi na zimeingia wapi? Akijibu sawasawa bila kuelezwa mara ya pili, neno hilo lifae. Akisitasita, lifuteni, hata kama limo katika kamusi.